Jinsi ya Kupima Uzito na Unene wa Uzi wa Kufumia Usio na Lebo

Uzi wa kufumia ukishapoteza lebo yake, jicho peke yake halitoshi kuutambua. Nyuzi mbili zinazoonekana kulingana zikiwa juu ya meza zinaweza kutoa vitambaa viwili tofauti kabisa: mmoja ukatoa sweta linalolala vizuri mwilini, mwingine ukatoa kitu kigumu kinachosimama chenyewe kama kikapu. Tofauti hiyo hutokana na mambo mawili ambayo mfumaji anapaswa kuyapima kila moja kwa njia yake. La kwanza ni uzito wa uzi kwa urefu wake, yaani gramu 100 za uzi huo zina mita ngapi. La pili ni unene, yaani nafasi ambayo uzi huchukua ukilazwa kando ya mwenzake. Mambo haya hufuatana, lakini hayafuatani sawasawa, kwa sababu uzi ni nyuzinyuzi pamoja na hewa iliyonaswa kati yake, na hewa hiyo haionekani kwenye mizani ingawa huonekana kwenye rula.

Ndiyo maana mwongozo huu unapendekeza kupima kwa mizani kwanza, kisha kwa rula, kisha kukamilisha kwa kipande cha majaribio. Wafumaji wengi huanza na rula kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na wengi huishia hapo. Huo ni upungufu, kwa kuwa kipimo cha rula ndicho kinachoyumba kuliko vyote.

Vifaa na maandalizi ya uzi

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: rula yenye sentimita, futikamba ya fundi cherehani, mizani ya kidijitali, mkasi, karatasi na kalamu, pamoja na sindano za kufumia za saizi tatu au nne. Kati ya hivyo vyote, kinachoamua ubora wa matokeo ni mizani. Mizani isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu, ya aina inayotumiwa kupimia vito, ndiyo inayofaa zaidi. Lakini mizani ya jikoni isomayo gramu nzima nzima nayo hutumika, ilimradi urefu wa uzi unaopimwa uongezwe, kama itakavyoelezwa baadaye kidogo.

Uzi usipimwe ukiwa bado umekazwa. Uliokaa muda mrefu ndani ya kidonge kilichoviringwa kwa nguvu huwa umebanwa na kunyooshwa kupita kawaida yake, na uliofumuliwa kutoka kwenye sweta la zamani huwa na mawimbi yanayoupotosha urefu. Katika hali zote mbili, uzungushe kwenye mgongo wa kiti mpaka upate shada, ulifunge shada hilo mahali panne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine bila kukaza, uliloweke katika maji ya vuguvugu, ulikamue kwa kulibana ndani ya taulo pasipo kulisugua, kisha ulitundike likauke. Kuna wanaofunga chupa ya maji chini ya shada ili mawimbi yanyooke. Mbinu hiyo hutoa uzi mnyoofu wa kupendeza, lakini hutoa pia uzi uliovutika, ambao utarudi katika urefu wake siku vazi litakapofuliwa kwa mara ya kwanza. Heri mawimbi kidogo kuliko kipimo cha uongo.

Ukavu nao una uzito wake katika hesabu. Sufu hunyonya unyevu wa hewani kuliko watu wengi wanavyodhani: inaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake mkavu bila kuonekana imelowa mkononi. Pamba hunyonya pia, ingawa si kwa kiwango hicho, na akriliki karibu hainyonyi kitu. Kwa hiyo uzi wa sufu uliofuliwa jana na kuguswa leo ukaonekana mkavu unaweza bado kuwa mzito kuliko ulivyo kweli. Uuache siku moja au mbili zaidi katika chumba kikavu ndipo uupime.

Tafuta kwanza alama zilizobaki

Kabla ya kutoa mizani, chungulia katikati ya kidonge, kwa kuwa wengi huviringa uzi juu ya lebo yake yenyewe, na uzi wa koni mara nyingi huwa na kibandiko ndani ya tundu la koni. Hata kipande cha lebo kinaweza kumaliza kazi yote. Kinachotafutwa ni namba mbili zinazokwenda pamoja, gramu na mita. Kwa mfano, gramu 50 na mita 125 humaanisha mita 250 kwa kila gramu 100. Kama lebo imetumia vipimo vya Kiingereza, yadi 1 ni mita 0.9144, na aunsi 1 ni gramu 28.35, kwa hiyo uzi wa yadi 220 kwa gramu 100 una takribani mita 201.

Lebo nyingi huwa pia na mchoro mdogo wa shada la uzi wenye namba kati ya 0 na 7. Huo ni mfumo wa Craft Yarn Council ya Marekani, ambao umepanga nyuzi kuanzia nyembamba kabisa za kufumia vitambaa vya matundu, ambazo ni kundi la 0, hadi nene kupindukia, ambazo ni kundi la 7. Makundi hayo yatatumika katika mwongozo huu wote kwa kuwa namba hazibadiliki kutoka lugha moja hadi nyingine.

Uingereza, Australia na New Zealand zina desturi nyingine, ya kuuita uzi kwa hesabu ya nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja: uzi wa 4, wa 8, wa 10 au wa 12. Uzi wa 4 huangukia kundi la 1, wa 8 ambao pia huandikwa DK huangukia kundi la 3, wa 10 kundi la 4, na wa 12 kundi la 5. Tahadhari hapa ni kwamba hesabu hiyo siku hizi ni jina la unene tu. Uzi unaouzwa kama wa 8 unaweza kuwa umesokotwa kwa nyuzi ndogo 3 au 4, na uko uzi mnene sana uliotengenezwa kwa unyuzi mmoja. Kufungua msokoto na kuhesabu nyuzi ndogo, basi, hakukuambii lolote la uhakika kuhusu unene.

Hatua ya kwanza: mita kwa gramu

Nyoosha futikamba juu ya meza na uibandike ncha zote mbili isisogee. Laza uzi kando yake bila kuuvuta: unyooke, lakini ukiuachia usirudi nyuma. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu mkono unaoshika uzi huuvuta bila mwenye mkono kujua, na uzi wa sufu ulionyumbulika unaweza kukubali sentimita kadhaa za ziada katika kila mita. Pima mita moja moja, ukiweka alama ya kipande kidogo cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya mita, hadi ufike mita 10. Kata, kunja kipande hicho kiwe kifundo kidogo, na ukipime kwenye mizani.

Hesabu yake ni fupi: gawa mita kwa gramu, kisha zidisha kwa 100. Tuchukue mfano wa uzi wa kijivu wa sufu, ambao tutaufuata hadi mwisho. Mita 10 za uzi huo zimepima gramu 4.3. Ukigawa 10 kwa 4.3 na kuzidisha kwa 100 unapata mita 233 kwa kila gramu 100.

Sasa tazama kinachotokea kwa mizani ya jikoni. Mita 10 zilezile zitasomeka gramu 4, na namba 4 kwenye mizani ya aina hiyo inaweza kuwa kitu chochote kati ya gramu 3.5 na 4.5. Maana yake ni kwamba jibu linaweza kuwa popote kati ya mita 222 na 286, pengo linalotosha kuuhamisha uzi kutoka kundi moja hadi jingine. Ukipima mita 40 badala ya 10, mizani ileile itasoma gramu 17, jibu litakuwa kati ya mita 229 na 242, na hilo ni pengo ambalo mfumaji anaweza kuishi nalo. Urefu ndio dawa ya mizani isiyo makini.

Kama hutaki kukata uzi, weka kidonge kizima ndani ya bakuli juu ya mizani na uandike uzito wake, kisha kitoe, viringua mita 40 na uzikunje kando, ukirudishe kidonge peke yake kwenye bakuli huku mita hizo zikilala juu ya kitu kilicho sawa na kimo cha mizani. Tofauti ya masomo mawili ndiyo uzito wa mita 40. Kipande kinachoning'inia kati ya mizani na meza huongeza uzito mdogo mno, usiokufanya ukate uzi uliokusudia kuufuma bila kuuunga.

Kwa nyuzi za sufu na zinazofanana nayo, mipaka ya makundi kwa gramu 100 iko takribani hivi. Uzi wa kundi la 0 huwa na zaidi ya mita 600, na aina zake nyembamba kabisa hupita 1,000. Kundi la 1, ambamo uzi mwingi wa soksi umo, huwa na mita 350 hadi 450, na uzi wa soksi wenyewe hukaribia sana 400. Kundi la 2 ni mita 270 hadi 350, kundi la 3 ni mita 200 hadi 260, kundi la 4 ni mita 160 hadi 200, na kundi la 5 ni mita 100 hadi 150. Chini ya 100 ni kundi la 6, na chini ya 50 kwa kawaida ni la 7. Mipaka hii haikuchorwa kwa wino usiofutika. Uzi wa mita 265 upo, na mtengenezaji mmoja atauita wa kundi la 2 wakati mwenzake anauita wa 3.

Uzi wetu wa kijivu, kwa mita zake 233, unaelekea kundi la 3.

Hatua ya pili: mizunguko kwenye rula

Kipimo cha unene hufanywa kwa kuuzungusha uzi kwenye rula na kuhesabu mizunguko inayojaza umbali fulani. Majedwali mengi huhesabu kwa inchi moja, lakini inchi moja ni fupi mno kwa kazi hii, kwani kosa la nusu mzunguko kila upande huharibu jibu lote. Zungusha kwenye sentimita 5, kisha ubadilishe kwa hesabu: gawa idadi ya mizunguko kwa 5 na uzidishe kwa 2.54.

Shika uzi kwa mkono mmoja ukiwa umelegea, na uizungushe rula yenyewe kwa mkono mwingine, ili uzi ujifungie wenyewe bila kuvutwa. Kila mzunguko ulale kando ya wenzake ukiwagusa bila kuwapanda wala kuwabana, na mwanga usipenye katikati. Ukimaliza, uache dakika moja upumue, usukume taratibu kwa ukucha pale palipoachana, kisha uhesabu. Rudia sehemu tatu tofauti za kidonge. Uzi uliosokotwa kwa mkono hasa hubadilika unene kutoka mwanzo wa kidonge hadi mwisho, na wastani wa sehemu tatu ni wa kuaminika zaidi.

Uzi wa kijivu umetoa mizunguko 24 katika sentimita 5, ambayo ni sawa na mizunguko 12 na kitu kwa inchi. Sasa soma viwango vya Craft Yarn Council: kundi la 0 ni mizunguko 30 hadi 40 na zaidi, la 1 ni 14 hadi 30, la 2 ni 12 hadi 18, la 3 ni 11 hadi 15, la 4 ni 9 hadi 12, la 5 ni 6 hadi 9, la 6 ni 5 hadi 6, na la 7 ni 1 hadi 4. Uzi wenye mizunguko 12 unaruhusiwa kuwa wa kundi la 2, la 3 au la 4. Kwa hiyo mtu aliyetumia rula peke yake ameambiwa tu kwamba uzi wake si mwembamba sana wala si mnene sana, jambo ambalo alikuwa akiliona tangu mwanzo. Mizunguko hupata maana inapowekwa pamoja na mita: mizunguko 12 na mita 233 kwa gramu 100 vinakutana vizuri katika kundi la 3 na si penginepo.

Rula ina faida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Sentimita 5 ni milimita 50, na 50 ukizigawa kwa mizunguko 24 unapata unene wa uzi wenyewe, takribani milimita 2.1. Zidisha kwa 2, na utapata milimita 4.2, ambao ni unene wa sindano inayofaa kuanzia majaribio. Kanuni hii ya sindano yenye unene wa nyuzi mbili zilizolazwa pamoja si sheria, lakini hukubaliana vizuri na sindano zinazopendekezwa kwa nyuzi za kawaida, na inaokoa muda wa kubahatisha.

Iko pia njia isiyohitaji kipimo chochote, inayofaa pale unapotaka kujua kama uzi usiojulikana unalingana na uzi unaoujua. Kunja kila uzi katikati, upitishe mmoja ndani ya mkunjo wa mwingine kama pete mbili za mnyororo, ushike ncha za kila upande na uzisokote kwa mwelekeo mmoja. Kisha funga macho na upitishe vidole kutoka upande huu hadi ule, ukivuka pale zilipoungana. Kidole kikihisi daraja, nyuzi hazilingani. Kisipohisi kitu, zinaweza kufumwa katika vazi moja. Kidole hutambua tofauti ambayo jicho hudanganywa nayo kwa sababu ya rangi, kwani uzi mweupe huonekana mnene kuliko mweusi wa unene uleule.

Hatua ya tatu: aina ya nyuzinyuzi

Majibu ya mizani na rula yasipokubaliana, kwa kawaida hakuna kilichokosewa. Uzi unakuambia umetengenezwa kwa nini. Sentimita moja ya ujazo wa sufu tupu ina uzito wa takribani gramu 1.3, ya pamba inazidi kidogo gramu 1.5, na ya akriliki haifiki 1.2. Kwa hiyo uzi wa pamba ulio na unene sawa na uzi wetu wa kijivu hauwezi kuwa na mita 233. Ukikadiria kwa uwiano wa uzito huo utapata karibu na mita 200, na kwa kuwa pamba hulala bapa bila kunasa hewa nyingi kama sufu, mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Mfumaji asiyejua hili hununua gramu zilezile za pamba alizotumia kwa sufu, na uzi humwishia kabla ya mkono wa pili wa sweta.

Msokoto nao una sehemu yake. Sufu iliyochanwa nyuzinyuzi zake zikalala sambamba kabla ya kusokotwa hutoa uzi laini, mzito na wenye kung'aa kidogo, ilhali sufu iliyosokotwa nyuzinyuzi zikiwa zimechanganyika ovyo hunasa hewa na kutoa uzi mwepesi uliofura. Wa pili unaweza kuwa na unene wa kundi la 4 na mita za kundi la 3, na huo si udanganyifu wa mtengenezaji.

Kama hujui uzi ni wa nini, moto utakuambia. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano cha chuma juu ya sinki, maji yakiwa karibu na dirisha likiwa wazi, na ukisogeze kwenye mwali. Sufu hushika moto kwa shida, hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu meusi yanayosagika kati ya vidole. Pamba na kitani huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Akriliki na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Usikiguse mpaka kipoe, na moshi wake usiuvute. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili za pande zote mbili, na hapo jibu sahihi ni kukubali kwamba ni mchanganyiko.

Hatua ya nne: kipande cha majaribio

Vipimo vyote vilivyotangulia ni makadirio ya kitu kimoja, yaani vitanzi vingapi vitakaa katika sentimita 10 za kitambaa. Kuna namna moja tu ya kulijua hilo kwa hakika, nayo ni kufuma.

Chagua sindano iliyo karibu na namba uliyoipata kwenye rula. Kwa uzi wa kijivu ni milimita 4. Anza na vitanzi vya kutosha kupata upana wa sentimita 15, na ufume kitambaa cha kawaida, kile chenye uso laini mbele na vinundu nyuma, hadi kimo cha sentimita 15. Pembe za kipande hujikunja na vitanzi vya kingo huwa vikubwa au vidogo kuliko vya ndani, ndiyo maana kipande cha sentimita 10 kamili hakifai kupimia sentimita 10. Kifue kama utakavyolifua vazi lenyewe, kilaze kikauke bila kukivuta, kisha weka rula katikati na uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Nusu kitanzi ihesabiwe. Katika sweta lenye upana wa sentimita 100 kuzunguka kifua, nusu kitanzi kilichopuuzwa katika kila sentimita 10 hufika vitanzi 5, na kwa uzi huu ni zaidi ya sentimita 2 za kitambaa.

Viwango vya kulinganisha ni hivi: vitanzi 33 hadi 40 kwa kundi la 0, vitanzi 27 hadi 32 kwa sindano za milimita 2.25 hadi 3.25 kwa kundi la 1; vitanzi 23 hadi 26 kwa sindano za 3.25 hadi 3.75 kwa kundi la 2. Vitanzi 21 hadi 24 kwa sindano za 3.75 hadi 4.5 kwa kundi la 3. Vitanzi 16 hadi 20 kwa sindano za 4.5 hadi 5.5 kwa kundi la 4. Vitanzi 12 hadi 15 kwa sindano za 5.5 hadi 8 kwa kundi la 5. Vitanzi 7 hadi 11 kwa sindano za 8 hadi 12.75 kwa kundi la 6. Na vitanzi 6 au pungufu kwa sindano nene kuliko hizo kwa kundi la 7.

Uzi wa kijivu umetoa vitanzi 22 kwa sindano ya milimita 4. Mizani, rula na kitambaa vimekubaliana, na uzi ni wa kundi la 3.

Hata hivyo, namba ikikubali na kitambaa kikakataa, sikiliza kitambaa. Kikunje, kining'inize, kitazame kikiwa mbele ya dirisha. Kikiwa kigumu, panda sindano moja. Kikiwa kimelegea hadi kidole kinapenya, shuka. Wapo watu wanaofuma kwa kukaza na wapo wanaolegeza, na uzi uleule kwa sindano ileile huweza kutofautiana kwa vitanzi 2 au 3 kati ya mikono miwili.

Nyuzi zenye manyoya marefu, kama zile za mbuzi wa Angora, zinastahili kutengwa na kanuni hizi. Kiini chake ni chembamba kama cha kundi la 0 na mita zake ni nyingi mno, lakini manyoya hujaza nafasi, na hufumwa kwa sindano za milimita 4 au 5 bila kitambaa kuonekana kama wavu. Rula hupotea kabisa hapa, kwa kuwa haijulikani uhesabu kiini au manyoya. Kwa nyuzi hizo chukua mita za mizani na kipande cha majaribio, uiache rula. Nyuzi zenye vifundo vya makusudi, na zile zinazonenepa na kukonda kwa mpango, nazo ni hivyohivyo.

Kuyatumia majibu

Mita kwa gramu zikishajulikana, kila kidonge kilichobaki nyumbani hupata urefu wake bila kuviringuliwa. Kidonge cha uzi wa kijivu kilichopima gramu 73 kina 73 mara 2.33, yaani takribani mita 170. Maelekezo ya kofia au soksi yanapotaja mita, unajua papo hapo kama zinatosha. Yanapotaja gramu peke yake, tafuta uzi uliotumiwa na mwandishi una mita ngapi ndipo ulinganishe.

Kufuma nyuzi mbili kwa pamoja ndiko kunakowatatiza wengi, kwa sababu inaonekana kana kwamba nyuzi mbili ni unene maradufu. Uzito kwa urefu huongezeka maradufu kweli: nyuzi mbili za mita 400 kwa gramu 100 huwa sawa na uzi mmoja wa mita 200. Unene, hata hivyo, huongezeka takribani mara 1.4 tu, kwa kuwa nyuzi mbili zikijibana pamoja hujaza eneo la duara moja kubwa, na upana wa duara haukui kwa kasi ya eneo lake. Uzi wa mizunguko 16 kwa inchi ukishikwa mara mbili hutoa mizunguko kama 11, wala si 8. Ili uzi uwe mnene maradufu, zinahitajika nyuzi nne.

Nyuzi zisizolingana hujumlishwa kwa gramu, si kwa mita. Uzi wa mita 400 kwa gramu 100 una gramu 25 katika kila mita 100, na uzi wa mita 800 una gramu 12.5. Pamoja ni gramu 37.5 kwa mita 100, na 100 ukizigawa kwa 37.5 na kuzidisha kwa 100 unapata mita 267. Kwa hiyo uzi wa soksi ukiambatana na uzi mwembamba wa manyoya hukaa mpakani mwa kundi la 2 na la 3.

Uzi wa koni, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, hutumia hesabu zake. Alama ya Nm ni idadi ya mita katika gramu moja ya unyuzi mmoja, ikifuatana na idadi ya nyuzi ndogo. Nm 2/28 ni nyuzi ndogo mbili, kila mmoja wa mita 28 kwa gramu, ambazo pamoja hutoa mita 14 kwa gramu, sawa na mita 1,400 kwa gramu 100. Alama ya tex ni gramu za mita 1,000, kwa hiyo uzi wetu wa kijivu ni tex 430. Pamba ya koni iliyoandikwa 8/2 hufuata kipimo cha zamani cha yadi 840 kwa ratili: 840 mara 8, ukagawa kwa 2, ni yadi 3,360 kwa ratili, takribani mita 677 kwa gramu 100.

Uzi mwingi wa sufu wa koni huwa umepakwa mafuta ili upite kwenye mashine bila kukatika, na mafuta hayo huulaza nyuzinyuzi zake na kuuongezea uzito. Ukiushika utadhani ni mkavu, mwembamba na mgumu. Ufue kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, uusuuze mpaka maji yatoke safi, na utaona ukinenepa mbele yako. Rudia kipimo cha rula na cha mizani baada ya kukauka, na ukitaka kuufuma ukiwa bado na mafuta, kata shauri la sindano kwa kipande kilichofuliwa, si kwa kile kilichotoka kwenye sindano.